Mikanda ya kijivu juu ya Jua: uchambuzi wa kisa cha kamera mpya

Malalamiko yalikuwa mafupi: "Hii kamera nimeuziwa mbovu." Aliyeyatuma aliambatanisha picha moja ya nusu ya juu ya Jua, na juu yake mikanda mitano mipana, ya giza na ya mwanga kwa zamu, iliyopinda kidogo na kukatiza picha kutoka ukingo hadi ukingo. Katikati ya mikanda hiyo filamenti (nyuzi nyeusi za gesi juu ya uso wa Jua) zilionekana vizuri, ndimi za gesi pembeni mwa Jua zilionekana, na doa moja dogo lilikuwa na makali ya kuridhisha kabisa. Kwa hiyo kamera ilikuwa inaona. Shida ni kwamba ilikuwa inaona pia kitu ambacho Jua halina.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mlalamikaji hakuwa mzembe. Kila alichokifanya kilikuwa na hoja nzuri nyuma yake, na hizo hoja nzuri zilipokutana ndipo mikanda ikazaliwa.

Alichokuwa nacho ni darubini ya Jua ya lenzi, kipenyo milimita 60, urefu wa fokasi milimita 400, yaani f/6.7 (urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo), yenye kichujio kilichojengewa ndani cha haidrojeni-alfa, mwanga mwekundu wa gesi ya haidrojeni. Kamera ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, kihisi cha pikseli 1936 kwa 1216, kila pikseli upana wa mikromita 5.86. Kati ya darubini na kamera aliweka lenzi ya Barlow inayokuza mara 2.5. Kabla ya hapo alikuwa akipiga Jua kwa DSLR, kamera ya kawaida ya rangi ya kubadilisha lenzi, kwenye darubini ya kawaida, karatasi ya kichujio ikiwa imefunika mdomo wa mbele, na ile DSLR haikuwahi kumwonyesha mkanda hata mmoja. Shutuma yake ilianzia hapo: ya zamani safi, mpya ina mikanda, basi mpya ndiyo mkosaji.

Niseme la usalama mapema nisije nikalisahau. Darubini ya kawaida huelekezwa kwenye Jua ikiwa tu kichujio cha Jua kimefunika mdomo wa mbele, kabla mwanga haujaingia. Vile vidogo vya kukazwa kwenye kijicho, lenzi ya kuchungulia, hupasuka kwa joto, usivitumie. Darubini ya haidrojeni-alfa ina mfululizo wake wa vichujio na hakuna hata kimoja cha kuondoa "kujaribu tu". Kidarubini cha pembeni cha kutafutia nacho hufunikwa au huvuliwa. Kamera isikudanganye kwamba jicho lako halipo kazini: kuna siku utachungulia kwa mazoea.

Tuanze na sababu za kununua kamera ile, maana wapo waliomwambia angebaki na DSLR. Mwanga wa haidrojeni-alfa ni mwekundu wa nanomita 656.28 tu. Kamera ya rangi hupanga pikseli zake kwa vichujio vya kijani, bluu na nyekundu, na ni robo tu ya pikseli zinazoshika nyekundu. Robo tatu zinakaa karibu bure. Juu ya hayo, DSLR nyingi huwa na kioo mbele ya kihisi kinachopunguza sana wekundu wa mbali. Kamera ya nyeusi na nyeupe hutumia pikseli zote. Hii yake, zaidi ya hapo, husoma fremu nzima kwa mpigo mmoja badala ya mstari baada ya mstari, hivyo hewa ikitikisa picha, Jua halichoreki limepinda. Tena hutoa fremu zaidi ya 100 kwa sekunde. Kwa kazi hii ni kamera nzuri, na bado ninaamini hivyo.

Na Barlow? Nayo ilikuwa na hesabu yake. Ili picha ibebe maelezo yote ambayo lenzi inaweza kuyatoa, namba ya f inatakiwa ikaribie mara mbili ya upana wa pikseli ukigawanya kwa urefu wa wimbi, vyote kwa mikromita. Mara mbili ya 5.86 ni 11.72, gawanya kwa 0.656, unapata karibu 18. Darubini yake ni f/6.7. Bila Barlow, Jua zima lingetua kwenye kihisi likiwa na kipenyo cha milimita 3.7, kama pikseli 630, na kila pikseli ingemeza sekunde tatu za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3600 ya digrii). Hiyo ni picha ya kupendeza ya Jua zima lakini maelezo madogo yamepotea. Kwa Barlow ya 2.5 anafika f/16.7 na pikseli moja inashika sekunde 1.2 za tao. Hesabu safi. Gharama ni kwamba Jua sasa lina kipenyo cha milimita 9.3 wakati kimo cha kihisi ni milimita 7.1, kwa hiyo lazima apige nusu mbili aziunge.

Nilipoipata picha sikuomba picha nyingine. Niliomba majaribio manne, na nikamsihi asiyachanganye.

La kwanza: zima injini inayofuata Jua, liache Jua lisogee lenyewe kwenye skrini. Jua lilisogea, mikanda ilibaki palepale. Basi si ya Jua. Wengi huishia hapa na kuandika barua kwa muuzaji, na huko ni kuharakisha, kwa sababu jaribio hilo linamwondolea lawama mshukiwa mmoja tu. Bado kuna darubini, etaloni (kile kichujio cha haidrojeni-alfa cha ndani), Barlow na kamera.

La pili ndilo lenye uzito, na ndilo watu hulisoma kinyume. Legeza skrubu ya kiungio, izungushe kamera robo mzunguko huku darubini na Barlow vikiwa vimetulia, kisha kaza tena. Angalia skrini. Kitu kilichoshikamana na kamera hakitazunguka kwenye skrini, kwa sababu skrini ni kamera yenyewe. Kitabaki kimesimama vilevile, na Jua ndilo litakaloonekana limegeuka. Kitu kilichoko mbele zaidi, kwenye etaloni au kwenye Barlow, kitageuka pamoja na Jua. Aliniandikia: ukingo wa Jua uliokuwa juu umehamia kushoto, lile doa dogo limehama pamoja nao, mikanda mitano iko palepale, na vumbi viwili vyeusi kona ya chini kulia navyo viko palepale. Vumbi na mikanda wakakamatwa nyumba moja.

La tatu: zungusha Barlow peke yake. Hakuna kilichobadilika.

La nne: ondoa Barlow kabisa. Mikanda ilififia hadi ikawa ya kutafutwa kwa macho makali. Jaribio hili ndilo lililotaka kuharibu uchunguzi wote, maana mara moja mwenyewe alibadili shutuma: si kamera tena, ni Barlow. Lakini jaribio la pili na la tatu yalikwisha kuiondolea Barlow hatia. Ushahidi mmoja ukionekana kupingana na mingine miwili, usiutupe wala usiufuate. Tafuta maelezo yanayoibeba yote mitatu.

Maelezo hayo yapo, na yanaanzia kwenye kipande cha kioo. Mbele ya kihisi kuna kioo chembamba cha kinga, na kati ya hicho na uso wa kihisi kuna mwanya mdogo. Mwanga ukifika, sehemu kubwa huingia kwenye pikseli. Sehemu ndogo huakisiwa na uso wa kihisi, hurudi kwenye kioo, huakisiwa tena na kushuka upya. Pikseli moja sasa inapokea wimbi lililokuja moja kwa moja na wimbi lililozunguka. Kilele kikikutana na kilele, pikseli inang'aa. Kilele kikikutana na bonde, inafifia. Ni muingiliano uleule unaochora rangi pale mafuta yanapotanda juu ya dimbwi la maji, na ndio Isaac Newton aliochunguza katika karne ya 17 kwa kulaza lenzi juu ya kioo bapa. Ndiyo maana wapigapicha wa Jua huiita mikanda hii pete za Newton, hata inapokuja imenyooka.

Sasa, DSLR nayo ina kioo mbele ya kihisi. Mbona yenyewe haikuchora kitu? Kwa sababu muingiliano huhitaji mwanga wa aina moja. Wimbi likicheleweshwa, linaweza kushirikiana na lile lililotangulia ikiwa tu bado yanaenda hatua moja, na umbali wa kuweza kufanya hivyo unapatikana kwa kuchukua urefu wa wimbi, kuuzidisha kwa wenyewe, na kugawanya kwa upana wa bendi ya mwanga, yaani eneo la mawimbi linaloruhusiwa kupita. Kwa mwanga wa kawaida wa nanomita 550 wenye upana wa nanomita 100, jibu ni kama mikromita 3. Safari ya ziada kati ya kihisi na kioo ni ndefu kuliko hapo mara nyingi sana, kwa hiyo mawimbi hufika yakiwa yamekwisha kuachana hatua, na hakuna mkanda. Hata kichujio cha kijani cha nanomita 10 ambacho wengi hukitumia kwa madoa ya Jua hakifikishi umbali huo zaidi ya mikromita 30 hivi.

Darubini ya haidrojeni-alfa ni jambo lingine kabisa. Kichujio chake kilikuwa na upana wa nanomita 0.07. Fanya hesabu ileile: 656.28 mara 656.28, gawanya kwa 0.07. Unapata zaidi ya nanomita milioni sita, yaani milimita 6. Mwanga wa namna hii unaweza kwenda hadi kioo cha kinga na kurudi bila kupoteza hatua. Na hapa kuna kichekesho ninachokipenda: kichujio kinachotengeneza mwanga huu mwembamba, etaloni, chenyewe hufanya kazi kwa kuugongesha mwanga huku na huko kati ya nyuso mbili zilizo sambamba mno, mpango ulioletwa na Charles Fabry na Alfred Perot mwaka 1899. Yaani kinachotuonyesha filamenti na kinachotuchorea mikanda ni fizikia moja. Tofauti ni kwamba moja imekusudiwa.

Imebaki Barlow. Mwanga hauji kwenye pikseli kama mshale mmoja. Huja kama koni. Kwa f/6.7 koni ni pana, miale ya pembeni ikiinama zaidi ya digrii 4 kutoka katikati. Kila mwinamo una urefu wake wa safari ndani ya ule mwanya, hivyo mwale mmoja unataka pikseli ing'ae, jirani yake anataka ififie, na mwisho wanafutana. Kwa f/16.7 koni imesinyaa hadi digrii 1.7. Miale karibu yote inasafiri umbali mmoja, inakubaliana, na mkanda unajitokeza. Barlow haikuleta mikanda. Iliondoa ukungu uliokuwa unaifunika. Hivyo majaribio yote yanakaa pamoja bila ugomvi: chanzo kiko ndani ya kamera, kichocheo ni wembamba wa bendi, na Barlow ni kipaza sauti tu. Kamera haikuwa mbovu, na kubadilishiwa nyingine ya aina hiyohiyo kungemrudishia mikanda ileile.

Tiba zilizojadiliwa ni tatu, na moja niliipinga tangu mwanzo: kung'oa kioo cha kinga. Wapo wanaofanya hivyo na wanapata picha safi. Pia wanabaki na kihisi kilicho wazi kwa vumbi na unyevu, kisichofutika bila kukwaruzwa. Kwa kamera mpya ambayo haina kosa lolote, huo ni ukatili.

Ya pili ni fremu za kusawazisha: unafunika mdomo wa darubini kwa mfuko mwepesi wa plastiki juu ya vichujio vyake vyote, Jua linageuka mwanga laini usio na umbo, unarekodi, kisha programu inagawanya picha zako kwa hiyo ramani ya mwanga. Alifanya hivyo. Vile vyeusi viwili vya vumbi vilitoweka kabisa. Mikanda ilipungua lakini haikuisha, na hilo lilitarajiwa: mikanda hutegemea urefu kamili wa wimbi, na yeye alikuwa ameigusa skrubu ya kurekebisha etaloni baada ya kusawazisha. Mguso mdogo tu unatosha kuisogeza mikanda, na picha yenye mikanda mipya ikigawanywa kwa ramani ya zamani inachora mizimu yake. Fremu za kusawazisha ni za lazima kwa sababu ya vumbi, ila kuzitegemea kwa mikanda ni kujitafutia kazi kila asubuhi.

Ya tatu ndiyo iliyotumika: kuiinamisha kamera. Kuna kiungio chembamba chenye bapa mbili na skrubu za kusukuma na kuvuta, kinachokaa kati ya kamera na mrija wake. Kamera ikiinama digrii chache, mwanga hauingii tena wima kwenye ule mwanya, na pale safari zinapokuwa za mshazari hata koni nyembamba ina tofauti za kutosha za umbali kujifuta yenyewe. Aliifanya kazi hiyo Jua likiwa kwenye skrini, utofauti wa mwanga umekuzwa hadi picha ikawa mbaya kwa makusudi ili mikanda ionekane vizuri, na kitambaa cheusi kimefunika kichwa na kompyuta. Robo mzunguko wa skrubu: mikanda mitano ikawa minane. Robo nyingine: ikawa mingi, myembamba kama mistari ya daftari, tena hafifu. Kidogo zaidi, na pale ilipokuwa ikabaki punje za kijivu za kawaida. Skrubu ilikuwa imesogea kidogo mno kiasi kwamba ukiitazama kamera kwa pembeni unapata shida kusema imeinama.

Pingamizi la haraka, na alilitoa, ni fokasi. Kihisi kikiinama, upande mmoja uko karibu na lenzi kuliko mwingine; si picha itakuwa kali katikati tu? Tupime. Kina ambacho fokasi inabaki nzuri hukadiriwa kwa mara mbili ya urefu wa wimbi mara namba ya f iliyozidishwa kwa yenyewe, mbele na nyuma. Kwa f/16.7 ni kama milimita 0.37 kila upande. Kihisi chake kina upana wa milimita 11.3, kikiinama digrii 3, kila ukingo unatoka kwenye mstari kwa milimita 0.3. Kinatosha ndani ya nafasi, ingawa kwa kujibana. Kwa f/6.7 nafasi ingekuwa milimita 0.06 tu na kingo zote mbili zingefifia. Ni bahati nadra katika mambo ya lenzi: pale ambapo mikanda inasumbua ndipo ambapo kuinamisha hakugharimu kitu, na pale ambapo kungegharimu mikanda haina nguvu. Sharti ni kufokasi kwenye filamenti iliyo katikati ya fremu, si ukingoni. Na anayetaka kuachana na Barlow kabisa, kihisi chenye pikseli za mikromita 2.4 kingefikia karibu maelezo yote kwenye f/6.7 bila lenzi ya ziada, na koni pana ingemfanyia usafi bure. Kwa anayenunua leo kwa darubini ya aina hii ningesema hivyo. Yeye alikwisha nunua.

Mengine yaliyojitokeza nayapitia haraka. Alikuwa anarekodi saa saba mchana juu ya sakafu ya zege. Zege limepata joto, hewa juu yake inachemka, na hakuna kamera inayoshindana na hilo. Asubuhi, Jua likiwa limeshapanda kiasi lakini ardhi haijapata joto, juu ya nyasi, ni hali nyingine kabisa. Fremu zake zilikuwa zinadondoka njiani: fremu moja ya biti 8 ni megabaiti 2.35, mara 120 kwa sekunde ni zaidi ya megabaiti 280 kila sekunde, na diski ngumu ya zamani haiwezi. Akahamia kwenye diski ya SSD. Muda wa mwanga ubaki milisekunde chache, histogramu (grafu ya mwangaza wa picha) ifike kama asilimia 75, na asirekodi kwa zaidi ya dakika moja kwa sehemu moja, kwa sababu ndimi za gesi hazisubiri. Pale Jua lilipo, sekunde moja ya tao ni kama kilomita 725, na gesi inayokwenda kilomita 50 kwa sekunde huimaliza ndani ya sekunde 15.

Kuna jambo moja ambalo mikanda ilikuwa inalificha na halikuwa kwenye malalamiko. Programu ya kurundika fremu, yaani kuunganisha fremu nyingi ziwe picha moja, hutafuta alama za kushika ili ilinganishe fremu moja na nyingine. Mikanda haitikisiki na hewa, Jua linatikisika. Programu ilikuwa inashika mikanda, inaona kila fremu imekaa sawasawa, na inarundika Jua lililocheza. Ulegevu aliokuwa akiulaumu kwenye hewa ulikuwa nusu wa hewa na nusu wa hapo. Baada ya kuinamisha, fremu mpya kwa idadi ileile ya elfu moja, zikichujwa asilimia kumi bora, zilitoa picha ambayo ilihitaji kunolewa kidogo mno.

Lililobaki ni mshono kati ya nusu mbili za Jua. Etaloni haitoi urefu uleule wa wimbi kamili kwenye eneo lote. Katikati iko sawa, pembeni inateleza kidogo na utofauti wa kromosfia, tabaka la gesi juu ya uso wa Jua, unapungua. Nusu mbili zikiunganishwa, ukanda wa katikati ya Jua unatoka kwenye kingo za fremu zote mbili, yaani sehemu dhaifu ya kila moja. Nilimshauri apige sehemu tatu badala ya mbili, ya tatu ikikaa katikati kabisa, na kingo zitupwe. Kazi ya kompyuta inaongezeka kwa nusu, ila mshono haupiti tena kwenye madoa, ambayo mara nyingi hukaa kwenye latitudo zisizo mbali na ikweta ya Jua.